Kona Nne na Shangazi

12 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo haukusumbui na walimu wa shule yako bado wanakuogopa. Huku nyumbani hatujambo. Baba tangu astaafu alikuwa akitafuta adui, na sasa amempata: ni bomba la jikoni. Amelifungua, amelifunga, amelifungua tena, na sasa linavuja pale palipokuwa hapavuji, sisi tunaoga kwa ndoo. Anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba kazi yangu inakwenda vizuri, kwa hiyo nimeandika.

Sasa langu. Mwaka huu nimepewa darasa la wadogo, wale wa miaka mitano na sita. Hakuna aliyelitaka. Mwalimu mkuu wetu, ambaye tunamwita Filimbi kwa sababu hata ofisini anaivaa shingoni, alinikabidhi kwa maneno haya: "Wewe bado una magoti."

Nilianza kufundisha maumbo kama kitabu kinavyotaka. Nikachora pembetatu ubaoni, wakaimba "pembetatu", nikafurahi. Kisha nikachora nyingine, kichwa chini. Nikauliza hii ni nini. Msichana mmoja wa mbele, mdogo na mgumu hivi kwamba wenzake wanamwita Kokoto, akanijibu kwa huruma: "Mwalimu, hiyo imeanguka." Darasa zima likakubaliana naye. Kwao pembetatu ni ile iliyosimama. Ikilala si pembetatu tena, ni ajali.

Basi nimenunua kamba, nimeifunga ncha kwa ncha, na nawatoa nje. Watoto watatu wanaingia ndani ya kamba, wanaiweka mgongoni, wanarudi nyuma hadi ikaze. Hiyo ni pembetatu. Wakizunguka nayo uwanja mzima bado ni pembetatu, hata ikielekea chooni. Akiingia wa nne tuna pembe nne na ugomvi. Shangazi, wewe umeongoza shule tangu mimi sijazaliwa. Niambie kama niko sawa.

Ni mimi mpwa wako,
Kidomo

3 Februari

Kwako Kidomo,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mgongo wangu haujalalamika kwako, kwa hiyo usiusemee. Mwambie kaka yangu aliache hilo bomba. Tangu utoto kila alichokifungua yeye tulikifunga sisi wengine. Shuleni kwangu hatujambo. Mwaka huu madarasa yana hewa nzuri zaidi, karibu kila mtoto na dirisha lake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Umekaa chuoni miaka yote ile ili ukawafunge watoto kamba. Wafugaji wanafanya hivyo bila cheti. Unaniambia mtoto akirudi nyuma hadi kamba ikaze amejifunza pembetatu. Basi mbuzi wa jirani yangu ni profesa, maana kamba yake imekaza tangu alfajiri.

Jiometri, mwanangu, ni rula, penseli na kunyamaza. Nilikufundisha wewe mwenyewe mezani kwangu ukiwa na umri huohuo. Ulichora ukalia, ukachora ukalia, na mwisho ukapata mraba mzuri sana, umelowa machozi lakini mzuri. Hukufa.

Swali moja tu. Hao wanariadha wako wakirudi ndani, wanaweza kuuchora huo mraba? Au siku ya mtihani watamkimbilia msahihishaji na kamba?

Nakutumia rula. Ni ya chuma.

Shangazi yako

24 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Rula imefika, nashukuru. Baba ameiazima akachokonolee bomba na sina hakika kama nitaiona tena. Amesema nikwambie kwamba hakuna kitu ulichowahi kukifunga wewe, ulikuwa unamwita mama yenu.

Profesa wa jirani yako mpe salamu zangu. Kama hana kazi alasiri, nina nafasi ya msaidizi.

Kuchora tutachora, kila kitu na wakati wake. Kwanza sikia tulichofanya wiki hii. Nimechora maumbo makubwa uwanjani, na watoto wanatembea juu ya mistari. Kila unapolazimika kugeuka, unapiga kofi. Kwenye pembetatu wanapiga na kucheka, kwenye mstatili wanapiga na kucheka. Kisha nikawapeleka kwenye duara. Wakatembea, mikono juu, wakingoja zamu ya kupiga. Wakazunguka weee, hadi mmoja akakaa chini akalia kwamba duara limemdhulumu. Nilikuwa nimewahi kusoma maelezo mengi ya duara, Shangazi, lakini lile nililielewa kuliko yote.

Na Kokoto amenitia adabu. Walikuwa wanne kwenye kamba, mraba umekaa vizuri, yeye akaenda akamsukuma mwenzake begani. Mraba wote ukainama upande. Akanitazama: "Mwalimu, amekuwa mwingine, lakini mbavu zake ni zilezile." Ana miaka mitano na hana meno ya mbele. Nikapiga kofi.

Ni mimi,
Kidomo

15 Machi

Kwako Kidomo,

Marahaba. Huku joto limezidi na walimu wangu wanatembea kama wamebeba magunia. Shule mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya barabara wamechimba bwawa la kuogelea. Wazazi wa siku hizi wanataka mtoto alowe kwanza, kusoma baadaye. Sisi hatuna neno nao. Kaka yangu mwambie mama hayupo tena wa kumfungia, kwa hiyo aite fundi.

Nimeona umekwepa swali langu la kuchora. Umelikwepa vizuri, kwa kofi na kicheko, lakini nilikuwa mkaguzi wa madaftari kabla hujaota jino, na ukurasa uliorukwa nauona kwa nje. Pia nimefurahi kusikia mtoto wa miaka mitano amekushinda. Ukiendelea hivi mwakani atakulipa mshahara.

Usidhani nimevutiwa. Nauliza haya ili nikikukosoa nikukosoe kwa haki. Hiyo kamba ni ya aina gani, na unene gani? Wale wasioingia kwenye kamba wanafanya nini, au wanatafuta panzi? Anayelia unampeleka wapi? Na huyo Kokoto alipousukuma mraba, ukiacha kupiga kofi, ulimwambia nini? Andika wazi na usiruke hatua, nina kawaida ya kusoma maelezo ya upuuzi kwa ukamilifu wake.

Shangazi yako

2 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Baba anasema wewe ukimuuliza mtu maswali manne mfululizo, maana yake umempenda. Mimi bado sijakubaliana naye, lakini barua yako nimeiweka chini ya mto. Bomba sasa limefungwa kwa kitambaa na hatulitaji mezani.

Kamba ni ya pamba, nene kama kidole gumba. Ya nailoni inachoma mikono. Wasioingia kwenye kamba ndio waamuzi: wanazunguka kwa nje na kusema upande upi umelegea, na ni nani asogee ili pande zilingane. Mwamuzi asiyeweza kueleza anarudi kwenye kamba. Utashangaa jinsi wanavyojifunza maneno upesi pale ambapo neno ndilo linalowapa ukubwa.

Anayelia namfanya kona. Mtoto akishajua kwamba akiondoka umbo zima litaanguka, hulia akiwa amesimama palepale.

Kokoto sikumwambia kitu. Niliwauliza wote: hapa ni kitu gani kimebadilika, na ni kitu gani kimekataa kubadilika? Wakabishana hadi kengele ikalia. Mwisho wakakubaliana kwamba mbavu zimekataa, ila kona mbili zimebanwa na mbili zimepanuka, na kwamba kosa ni la Kokoto.

Nimekuandikia kila kitu, hata nilichokuwa sijamwambia mwalimu mwenzangu yeyote. Hapa wananiita mwalimu wa kuruka kamba. Kwa hiyo ukinicheka, Shangazi, nicheke polepole.

Ni mimi,
Kidomo

20 Mei

Kwako Kidomo,

Marahaba yako ninayo, ila shikamoo yenyewe sijaipata. Mbona kimya? Kaka yangu kaniandikia kadi nzima juu ya bomba na hakukutaja hata kwa bahati mbaya.

Mimi ni mzima. Hakuna habari.

Mawili tu. Kwanza, mchezo ukishapamba moto na kelele zimezidi, unawarudishaje? Pili, somo unalimalizaje, wanatoka uwanjani wakiwa na nini mdomoni? Sina haraka. Nimeweka stempu ndani ya bahasha ili usitafute kisingizio, na ningependa jibu kabla ya mwezi kuisha.

Shangazi yako

11 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, na stempu zako nimezitumia kama ulivyotaka.

Kelele zikizidi nanong'ona, basi. Wanaolisikia jina la umbo wanalitengeneza, wengine wanakimbia kuja kuuliza limesemwa umbo gani. Somo linaisha kwa kila mtoto kuniambia jambo moja ambalo mwili wake umefanya: "Niligeuka mara nne", "Nilikuwa mbali na wote sawasawa". Nimeandika hili kama mtu anayesimulia habari za marehemu, na sababu yake ni hii.

Kamba iko ofisini kwa Filimbi, juu ya kabati. Mwishoni mwa Aprili wavulana walikuwa wanavuta mraba, mimi nacheka nao badala ya kuangalia mikono, mmoja akaachia. Mwenzake akaanguka kifudifudi, na jino lililokuwa likining'inia wiki nzima likatoka. Mtoto mwenyewe alifurahi, akazunguka kulionyesha. Mama yake hakufurahi. Ni karani wa mahakama, na malalamiko yake yalikuja na vifungu.

Filimbi aliniita. "Unafundisha nini pale nje?"

"Jiometri."

"Jiometri ina damu?"

Kosa la kutoangalia ni langu na sikulikana. Lakini yeye hakutaka hilo, alitaka kamba. Nimetolewa darasani. Nipo stoo, napanga vitabu, na wadogo wangu wamepewa mwalimu anayewaimbisha "pembetatu" asubuhi hadi mchana. Jana Kokoto alipita dirishani akaniuliza nimefungwa hadi lini. Kamati ya shule itakaa Agosti kuamua kama nirudi darasani au nitafute kazi nyingine.

Shangazi, sijawahi kukuomba kitu kwa maandishi. Mwandikie Filimbi mistari mitatu tu, kwamba michezo hii ni somo na si uhuni. Jina lako analijua; likitajwa hukaa wima.

Na lile swali lako la kuchora. Hapana, hawawezi. Uwanjani wanajua kila kitu, nikiwapa penseli wanachora viazi. Nimejaribu kila njia, sijui pa kuvukia.

Ni mimi,
Kidomo

5 Julai

Kwako Kidomo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Nasikia kaka yangu amemwita fundi, na fundi akamuuliza ni nani adui aliyemfanyia vile. Hapa mvua imenyesha na ua wote umestawi. Mpishi wetu wa shule amepata mjukuu. Paa la ukumbi nimelipaka rangi upya, ya bluu, imependeza.

Pole kwa jino na kwa stoo. Barua unayoiomba siwezi kuiandika. Shangazi akimtetea mpwa wake, hata akisema jua linachomoza mashariki watu watatoka nje kuhakikisha. Ingekudhuru. Tena mwezi huu na ujao nina shughuli ambazo si za kuandikwa kwenye barua.

Vumilia. Vitabu vya stoo navyo vina kurasa.

Kuhusu viazi nina wazo, lakini si la leo.

Nakutumia jozi ya viatu, ngozi halisi. Usivivae uwanjani.

Shangazi yako

18 Septemba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Viatu vimenitosha kabisa. Nilivivaa kwa mara ya kwanza wiki iliyopita, kwenye semina yako.

Baba hajambo. Sijamwambia.

Nianze nyuma kidogo, maana wewe unapenda hatua zisirukwe. Kamati ilikaa, ikanipa onyo na kuniacha stoo hadi hapo itakapotangazwa vingine. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya mwaliko yenye muhuri, kila shule ilete walimu wawili. Filimbi alikuwa aende na mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, lakini huyo akaumwa tumbo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Akaniambia, "Njoo ubebe mkoba, labda utajifunza." Jina la shule yako sikulisoma hadi tulipofika getini.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Rangi ya bluu kweli imependeza. Mbele kulikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa "Mwendo na Maumbo: Mbinu ya Mkurugenzi", na chini yake ulikuwa umekaa wewe. Nilifikiri ni mgeni anayefanana nawe, kwa jinsi ulivyokuwa ukitabasamu.

Ulianza kwa kusema ulilifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Watoto wakaingia, soksi nyeupe, na kamba. Ya pamba. Nene kama kidole gumba. Ukasema, "Ya nailoni inachoma mikono," na ukumbi mzima ukaandika. Hapo ndipo ulipoinua macho ukaniona, safu ya tatu, kando ya Filimbi. Ulikunywa maji. Ulikunywa glasi nzima, Shangazi, nikaanza kukuonea huruma, kisha ukaendelea.

Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Nikasema, "Mheshimiwa Mkurugenzi, mtoto akilia tumpeleke wapi?"

Ulinitazama moja kwa moja ukasema, "Anayelia mfanye kona. Akishajua kwamba akiondoka umbo zima litaanguka, atalia akiwa amesimama palepale."

Watu walipiga makofi. Filimbi alipiga zaidi ya wote. Akaniinamia akasema, "Unasikia watu waliosoma? Siyo kufunga watoto kama kuni."

Kwenye chai ulinipita karibu na mlango. Nilidhani utasema kitu, nilikuwa nimeshajiandaa kwa kitu chochote. Ulisema, "Umekonda," ukaenda kusalimiana na wageni.

Nilitaka kukuchukia hadi mwisho wa siku, na ungenisaidia kama ungeishia hapo. Lakini saa kumi ukawakalisha watoto chini na karatasi. Ukawaambia wafumbe macho, watembee tena kwa mawazo, na kila mahali walipopiga kofi waweke nukta. Nukta tu. Kisha wafumbue macho na waziunganishe. Wakachora miraba, Shangazi. Imepinda, ina shingo, lakini ni miraba. Hizo nukta nimezitafuta tangu Februari. Nililia pale safu ya tatu, na Filimbi akanipa leso akidhani ni kwa ajili ya hotuba.

Nimerudishwa darasani, nifundishe mbinu yako. Kamba imeshushwa kabatini kwa heshima zote, na Filimbi amejiteua kuwa mratibu wake. Cheti changu cha kuhudhuria amekibandika ukutani ofisini. Umekitia sahihi mwenyewe, na jina langu umelikosea herufi moja.

Ni mimi mpwa wako,
mshiriki wa semina

6 Oktoba

Kwako Kidomo,

Marahaba. Cheti kiliandikwa na karani.

Nimechana barua mbili kabla ya hii, kwa hiyo isome ilivyo na usitafute nyingine ndani yake.

Unanicheka kwa adabu, na adabu hiyo nilikufundisha mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Lakini tujibizane kama watu wazima. Ulikuwa na kamba yako mwaka mzima. Ulifika nayo wapi? Juu ya kabati. Ningesimama pale mbele nikasema haya ni ya mpwa wangu, mwalimu wa wadogo aliye stoo kwa sababu ya jino, nani angeandika hata mstari? Filimbi wako angeandika? Mwenyewe umeniambia alivyopiga makofi. Alipigia muhuri na rangi ya ukumbi. Mimi ninavyo hivyo viwili, wewe huna. Ningekuandikia mistari mitatu ungerudi darasani mtu mmoja. Sasa kamba ziko kwenye shule zote zilizokuja.

Na kwa kuwa umeshayaona madirisha, sitakuficha. Lile bwawa limenichukulia nusu ya watoto. Nilikuwa nifunge mwezi wa saba. Nilihitaji kitu ambacho ng'ambo ya barabara hawana, na kitu hicho nilikuwa naletewa na tarishi, pamoja na habari za bomba. Ningefanya nini, ningekirudisha?

Njoo ufundishe kwangu Januari. Darasa la wadogo, mshahara mzuri, chumba chako kile cha nyuma bado kipo.

Kuna jambo moja la kikazi. Watoto wangu wanasimama vizuri sana pale nilipowaweka alama za chaki. Nikifuta chaki wanakuwa rundo. Nimenong'ona kama ulivyosema, wakaniuliza kama koo linaniuma. Nimewaita waamuzi, wakakaa kimya kunisubiri mimi niamue. Wageni wengine wanakuja Machi, na hao wameomba kuchora alama zao wenyewe. Niandikie unachofanya.

Shangazi yako

20 Oktoba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Bomba limepona. Fundi alitumia muda mfupi sana, na baba amekasirika kwa sababu hiyo. Sasa nimemwambia, kuhusu semina yako namaanisha, na amesema maneno ambayo rula yako isingeyapima.

Kazi uliyonipa nashukuru, ila sitaiacha ya hapa. Umesema kweli kwamba Filimbi alipigia makofi muhuri. Hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu sina la kulijibu. Lakini usiniambie ulifanya kwa ajili ya kamba zote za dunia. Nilikuwa stoo. Nilikuomba mistari mitatu ukanipa viatu.

Chaki niliziona, nilikuwa karibu na jukwaa. Sitakuandikia nifanyacho. Nimeshaandika vya kutosha mwaka huu, na kila nilichoandika kimeondoka kwangu. Ukitaka kujua, njoo. Vipindi vyangu huanza saa mbili asubuhi. Njoo bila karani na bila muhuri, na uvae viatu vya kuvuliwa.

Ni mimi,
Kidomo

2 Novemba

Kwako Kidomo,

Marahaba. Jeuri hiyo umeirithi upande wetu.

Nitafika Jumatatu ijayo kwa basi la asubuhi. Mwambie kaka yangu asije kunipokea kama atakuwa bado ana maneno. Filimbi wako usimwambie lolote.

Shangazi yako

19 Novemba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na nyayo zimeacha kuwaka. Baba alikaa chumbani siku nzima uliyokuwepo, kisha ulipoondoka akauliza kama ulikula. Nikamwambia ulikula. Akasema, "Basi," lakini akasema kama mtu aliyepata jibu zuri.

Sijui kama uliona kila kilichotokea, maana ulikuwa na kazi ya kukaza kamba. Mimi niliona. Niliona Kokoto alivyokuzunguka mara mbili akikupima kwa macho, kabla ya kukuambia, "Bibi, upande wako umelegea, rudi nyuma." Ukamwuliza urudi hadi wapi. Ulikuwa unatafuta alama chini. Akakwambia, "Mpaka usikie mgongoni." Nilikuwa na maelezo marefu ya kukupa juu ya chaki, nikayameza. Ulifumba macho, ukarudi nyuma nusu hatua, na wale wengine watatu wakasogea wenyewe bila kuambiwa. Ulifumbua macho ukiwa na sura ambayo sijawahi kuiona kwako, hata kwenye picha za harusi yako.

Hapo ndipo Filimbi alipotokea. Alikutambua akiwa bado mbali, akaja mbio na filimbi inampiga kifuani. "Mheshimiwa Mkurugenzi, hatukuarifiwa, umekuja kutukagua?" Na wewe uko peku katikati ya watoto watatu, nywele zimefumuka, kamba mgongoni.

Nilidhani utasema ndiyo. Ningekuelewa, Shangazi, na pengine ningekusaidia kuusema huo uongo. Lakini ulimwambia, "Nyamaza, mwalimu anafundisha." Wala hukugeuza shingo, usije ukaharibu upande.

Uliponiomba kituoni nije kuzungumza na wageni wa Machi, basi liliondoka kabla sijakujibu. Sasa najibu. Nitakuja. Nitaanza mimi kuzungumza, wewe utafuata na nukta zako, kwa sababu hizo ni zako na nitasema hivyo mbele ya watu. Kuhusu mistari mitatu, bado sijasahau, na sitakudanganya kwamba nimesahau. Inawezekana nitakuuliza tena tukiwa wawili.

Filimbi aliniita ofisini jioni ile. Hakukaa. Alikuwa anakitazama cheti changu pale ukutani kama kimemdanganya yeye binafsi. "Mkurugenzi mzima," akasema, "ametoka kwake asubuhi yote hiyo. Alikuja hapa kuwa nani?"

Nikamwambia, "Kona, mwalimu. Tulikuwa na upungufu wa mmoja."

Leo asubuhi, nikiwa uwanjani na wadogo, amepita kando ya uzio, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye nyasi, viatu amevishika mkononi.

Ni mimi mpwa wako,
Kidomo